Samaki Tisa wa Abu Hamour

Abu Hamour, Doha
3 Novemba 2013

Kwa dada yangu Milka,

Pokea salamu za mdogo wako, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Mgongo unaendeleaje? Nilikuomba utafute mtu wa kukusaidia kupalilia, lakini wewe hutafuti mtu maadamu una mikono miwili. Watoto je? Nasikia Cheryl amekupita kwa urefu na sasa anakupatia vitu vya juu ya kabati. Mimi ni mzima. Joto limepungua, tunaanika nguo mchana bila kukimbia. Madam naye hajambo. Najua hupendi kusikia hivyo, lakini tafadhali soma mpaka mwisho.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu yako, dada, huiweka mezani sauti ikiwa juu ili nyumba nzima isikie, na mimi nikianza jambo wewe hulimaliza. Karatasi haikatizwi. Anayekuletea ni Virginia, yule muuguzi tunayesali naye hapa, ambaye anakuja likizo.

Jumapili uliniambia kwa furaha kwamba Philip fundi cherehani anafunga duka mwisho wa Novemba na kuhamia kwa wakwe zake. Ukasema muhula huu hakuna mzazi aliyempelekea sare hata moja, na kwamba anavuna alichopanda, kwa sababu ndiye aliyeniunganisha na kazi hii. Ukanikumbusha tena jinsi alivyotolewa kati ya wabebaji siku ya kumzika Mama, mkamwambia kwamba aliyeniuza kwa watu wabaya hawezi kugusa jeneza la mama yangu. Niliitikia mhm, mhm, kisha nikasema simu inaishiwa na chaji. Ilikuwa imejaa, dada. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na samaki, maana bila hao hutaelewa lolote. Mume wa Madam alinunua tangi la kioo, refu kama kitanda, akalijaza maji ya chumvi na mawe ya baharini, kisha akarudi kwenye safari zake za kazi. Samaki wenyewe hawaliwi. Wana urefu wa kidole, rangi ya chungwa lililoiva na mstari wa zambarau karibu na jicho, na hutembea kwa kundi. Mmoja akigeuka, wote wamegeuka. Ungecheka kuniona, mimi niliyelelewa kunyonya kichwa cha samaki mpaka mifupa ing'ae, nimesimama na kijiko nikimbembeleza samaki ale.

Mwanzoni niliwaua. Maji yalipungua kwa joto nami nikaongeza mengine ya chumvi. Kumbe maji ndiyo hupanda hewani na chumvi hubaki, kama mchuzi uliosahauliwa jikoni. Wawili walikufa kabla sijajua kosa langu. Madam akaniambia niende na dereva Al Sadd, kwenye duka wanakowauza, na huko nikamkuta Eugene, Mganda mmoja mwenye subira. Alinifundisha kupima chumvi, kuongeza maji yasiyo na chumvi kila asubuhi, na kuwalisha mara tano kwa siku, kidogo kidogo, kwa sababu samaki hawa hawaweki akiba tumboni wala hawaokoti kilichoanguka chini. Kila nilipoharakisha alisema mpola mpola, ndiyo pole pole ya kwao.

Nilishika kazi ile, dada, nikaishika kwelikweli. Wewe unajua nilivyoacha shule na jinsi kila mtu nyumbani alivyonijua kuwa mimi ni wa kutumwa. Hapa pia ni Damaris leta, Damaris ondoa. Ila kwa samaki, mume wa Madam alikuwa akipiga simu kutoka nchi za mbali, anaomba kuongea na mimi, ananiuliza swali na kungoja nijibu. Wageni walisimama mbele ya kioo, Madam akawaambia waniulize mimi. Nililipenda jambo hilo kuliko nilivyopaswa. Nikakataza mtu mwingine yeyote kushika kijiko, nikisema samaki wananijua mimi peke yangu, na nikaamini.

Mwezi wa tatu tulileta tisa wapya. Wageni wa namna hiyo hujificha nyuma ya jiwe na kukataa chakula mpaka wafe, na hawa walikataa siku nne. Siku ya tano mmoja alitoka akala, wengine bado. Siku hiyohiyo ndipo uliponipigia kuniambia Mama amelazwa na ananiulizia.

Sasa soma pole pole. Nilikwambia kwamba Madam amekataa kunipa pasipoti. Haikuwa kweli. Nilipomweleza Madam alikwenda chumbani, akaja jikoni na pasipoti yangu mkononi, akasema mumewe amekwisha kutia sahihi ruhusa yangu ya kutoka nchini na tiketi ni ya Alhamisi. Ni mimi niliyesema aningojee siku kumi, samaki waanze kula. Alinitazama, akaniambia samaki wanauzwa Al Sadd, lakini mama hauzwi popote. Nikamjibu kwamba Mama yangu ana moyo wa chuma, ameugua mara nyingi na kuinuka. Halafu nikakupigia nikakudanganya, kwa sababu nilijua ukisikia neno samaki hutanielewa. Na ungekuwa na haki.

Mama alikufa siku ya tisa ya zile kumi, kama unavyojua. Madam alileta tiketi tena, na mara hii nilikataa kwa aibu. Nilikwisha kukwambia uongo na ninyi mmekwisha kumlaani mtu, ningewatazamaje? Nililala chumbani siku tatu, uso ukutani. Nilipotoka nilidhani nitakuta maiti za samaki zinaelea. Nilimkuta Madam amesimama mbele ya tangi na kijiko changu, na wote tisa wako juu wanakula mkononi mwake, hawana habari na mimi. Hawakuwa wakinihitaji, Milka. Mtu yeyote mwenye kijiko angetosha. Wako hai mpaka leo, wamenenepa, nami huwalisha mara tano kwa siku nikijua wamenigharimu nini.

Philip hakuniuza kwa watu wabaya. Alinitafutia nyumba nzuri, na mimi nimemlipa kwa kunyamaza miezi minane. Sitanyamaza tena. Ninafika tarehe kumi na nne Disemba. Madam amekubali na tiketi iko kwenye mkoba wangu. Nitasimama kanisani niseme haya mbele ya watu wote, pamoja na wewe kama utakubali kusimama na mimi, na bila wewe kama hutakubali. Lakini Disemba ni mbali, na duka la Philip linafungwa mwisho wa mwezi huu.

Nakujua, dada. Ungeisoma barua hii, ungelia, kisha ungeitia moto jikoni ili kunisitiri, kwa sababu unanipenda. Kwa hiyo nimeiandika mara mbili, neno kwa neno. Virginia nimemwagiza apitie kwanza pale sokoni kwa Philip, ampe yake, ndipo aje kwako. Unaposoma mstari huu, Philip amekwisha kuusoma.

Salamu zangu ni kwa Philip na mkewe kabla ya mtu yeyote, na wewe ndiwe nakuomba uzipeleke, kwa miguu yako, leo. Kisha wasalimie watoto. Mungu akutunze mpaka tuonane, hata kama siku hiyo hutataka kunipa mkono.

Ni mimi mdogo wako,
Damaris