Kitunguu Juu ya Mizani

Mama,

Habari ya huko nyumbani Tuwan? Hapa soko la Chwele nimechoka hoi. Programu niliyoandika inailaza mizani ya kielektroniki ikikosa mzigo, ili betri idumu. Shida ni kwamba ikiamka, kilo za kwanza inadanganya. Kwa hivyo muuza nyanya mmoja, akikosa mteja, anaiwekea kitunguu isilale. Kufika saa sita, betri imekwisha! Nikamwambia, "Iache ipumzike, nitairekebisha iamke vizuri." Akaangalia macho yangu mekundu, akacheka: "Na wewe je, nani amekuwekea kitunguu, bana?"

Nikimaliza kazi nakuja. Unitandikie kitanda, na simu yangu uifiche. Hiyo ndiyo kitunguu changu.

Mwanao, Njoki