Ubeti wa Mwisho wa Dkt. Josephati Tluway

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukulaze kwenye udongo mwekundu wa shamba lako hapa Karatu.

Tunakukumbuka na kinasa sauti begani, ukizifuata nyimbo za wazee kabla hazijazikwa nao. Harusi ya binti yako Judith ulifika watu wamekwisha kula, ukasingizia barabara, kumbe ulikuwa Malambo unamsikiliza mzee Metui akiwaimbia ng'ombe wake. Mama alinuna siku mbili. Ukamwekea kanda ile, akacheka bila kupenda.

Neno lako ulilishika. Bibi Germana wa Endabash alipokuimbia wimbo wa kumuaga marehemu alikupa sharti: ubeti wa mwisho hauingii kwenye mashine, unaimbwa kwa mdomo wa mtu, mbele ya kaburi. Ulizima, ukaujifunza kwa sikio. Wasomi wenzako walikulaumu, hukujali.

Bibi alikutangulia. Siku ya mazishi yako sisi wanao, kwa uchungu, tukaona tupige kanda yake kwenye spika. Ikafika anaposema, "Zima sasa, mwanangu." Ikanyamaza. Tukakushusha hivyo hivyo. Tulikosea, Baba, utusamehe.

Wiki ya tatu Mama alikusikia. Ilikuwa saa nne asubuhi, ukungu bado umelala kwenye ngano, na sauti yako ikiimba wimbo uleule kwenye chumba chako cha kanda. Ikakatika palepale, kabla ya ubeti wa mwisho. Kisha kimya cha mtu anayesubiri. Mkwe wako Eliapenda akaihamisha mashine, padre akanyunyiza maji ya baraka. Kesho yake, saa ileile, ukaimba tena. Sote tumekusikia, na majirani siku hizi hawapiti nyuma ya nyumba.

Mama alikataa katakata kuhama. "Mwacheni, amemkosea nani?" Kila asubuhi alikumiminia chai, akakaa mlangoni pa chumba kile mpaka unyamaze. Tuliogopa kwa ajili yake kuliko kwa ajili yetu, maana alikuwa anakonda.

Judith alipombana sana, akakiri. "Ubeti naujua. Miaka kumi na mitatu ameuimba akinyoa ndevu, ningeacha kuujua? Lakini nikiumalizia ataondoka. Mimi nitabaki na nani?"

Tulilia naye.

Jumatatu iliyopita sauti yako ilikohoa, kama siku zile za hospitali. Ikakatika, ikaanza upya, mara tatu. Mama akaweka kikombe chini.

"Nimemchosha," akasema.

Jumamosi hii, baada ya misa, atasimama kaburini pako auimbe. Ametuagiza tukuandikie hapa gazetini, kwa kuwa ndio ukurasa uliokuwa ukianza nao kusoma: "Baba Judith, nikimaliza, nakuomba usiitikie."

Unakumbukwa na mkeo Katarina, wanao Judith na Hilary, mkwe wako Eliapenda, wajukuu Goodness na Mathias, na ukoo wote wa Tluway.

Hatutakusahau, Baba, hata nyumba ikinyamaza.