Jiwe la Karani

Kijiji Kipya, njia ya Muze
9 Septemba 1974

Mwanangu Felisiani,

Hujambo huko mjini? Mimi mzima, ila mkono wa kushoto ngozi bado inavutika pale moto uliponiramba. Marsiana wa jirani anaandika ninavyosema. Nimemkataza kulainisha maneno.

Mwanao Adela anakula, analala, hasemi. Tangu siku ile ya lori, mlipotuhamisha, hajatoa neno. Mwezi wa pili huu. Wenzake wameanzisha mchezo kwenye matuta yangu ya kuozesha nyasi. Wanajenga kibanda, mmoja anakuwa bwana mkubwa na kupuliza bua la boga kama filimbi, wengine wanahama na vyungu vya udongo. Kisha wanarusha vumbi, ndiyo moto. Adela huingia kibandani akakaa. Wakimwambia toka, hatoki, na mchezo unafia hapo. Kesho wanaanza upya.

Alipita Bwana Maendeleo, Lutengano, yule wa Mbeya mwenye soksi ndefu. Akasema mchezo huu unadhihaki Operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Akaleta mpira, akawapanga watoto mstari waimbe kwamba wana furaha. Waliimba kama ng'ombe wanaopelekwa josho. Alipogeuza baiskeli, wakarudi kwenye matuta. Mpira wake anaulalia kuku wangu. Naye hana akili, basi wameelewana.

Wewe ndiye ulikuwa na orodha siku ile. Uliniapia hukujua kwamba nimerudi ndani kuchukua mbegu za ulezi, ndiyo maana uliandika nyumba tupu, wakaichoma. Nilikuamini. Sasa niambie, msomi, kwa nini mtoto hatoki?

Mama yako


Sumbawanga
20 Septemba 1974

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mkono unapata nafuu. Mimi sijambo, kazi tu ndiyo nyingi.

Lutengano amenieleza habari za mchezo huo ofisini, mbele za watu. Nakuomba, Mama, ukomeshe. Mtoto aliyeshtuka aachwe asahau, siyo kukumbushwa kila siku. Mwisho wa mwezi nitatuma gari limlete Adela kwangu hapa mjini, Izia. Nitampeleka kwa daktari, na nyumba yangu ina utulivu.

Kwa nini hatoki, sijui.

Mwanao,
Felisiani


Kijiji Kipya
6 Oktoba 1974

Felisiani,

Salamu, kama zinakufaa. Gari lako nimelirudisha. Dereva nimempa maharage, yeye hana kosa. Mtoto ana kimya cha miezi miwili, wewe unataka kumwongezea utulivu. Shule zote zile zilikufundisha nini?

Jana nilichoka kutazama. Nikaingia kibandani mwenyewe, miguu ikabaki nje, watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Adela hakucheka. Akatoka. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe lililo kando ya tuta, jiwe tupu, akaliambia:

"Msichome. Bibi yumo ndani."

Sauti yake imekuwa nzito kidogo, hujui hilo. Wenzake walisimama na vumbi mikononi, maana mchezo haujawahi kufika hapo. Nilitoka nikamuuliza hapo kwenye jiwe anakaa nani. Akasema karani.

Leo tumecheza tena. Amesema maneno yaleyale, kisha basi, kimya mpaka jioni. Jiwe haliwezi kumjibu, na hakuna mtoto anayekubali kulikalia.

Sikuulizi kitu. Nakungoja unijibu.

Mama yako


Sumbawanga
2 Novemba 1974

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi.

Aliniambia. Alinivuta shati akaniambia mara mbili. Wenye lori walikuwa wananihimiza, na nilikuwa nimekwisha kuandika. Nilimwambia, "Nyamaza, Adela, utanivurugia orodha."

Akanyamaza.

Nakuja Jumamosi.

Felisiani


Kijiji Kipya
24 Novemba 1974

Felisiani,

Umefika salama? Hapa mvua imeanza, na matuta yananuka vizuri.

Suruali yako ya ofisini ilichekesha kijiji kizima, ukiwa karani wa mchezo juu ya jiwe, magoti yamefika masikioni. Usijisifu. Mtu mzima kuweka chini kalamu ya kijiti na kukimbia kunivuta miguu kutoka kwenye nyasi si ushujaa, ni kazi uliyochelewa kuifanya. Lakini Adela alikuambia mara moja tu, ukainuka. Nililiona hilo. Naye aliliona, maana wewe ulipokuwa unanikung'uta nyasi, yeye alikwisha kubomoa kibanda mwenyewe, kwa miguu yote miwili.

Sasa anasema tangu jogoo. Marsiana ameniomba nimtoe nje ndipo aandike. Lutengano alipita akasema ni mpira wake uliosaidia. Adela alimwonyesha kuku.

Mimi sijakusamehe. Mimi si mtoto, mchezo haunitoshi. Ila ulezi ule nimeupanda, na wewe unakula sana, kwa hiyo utakuja.

Adela anasema jiwe bado ni lako. Uje na kalamu yako, ile ya kijiti imevunjika.

Mama yako