Kwa Mkwe Aliyeandika Uongo Kwenye Kadi ya Akiru

Mkwe wangu Ekidor,

Huna haya. Umeomba uhamisho wa kwenda Namoruputh ukadhani maneno yangu hayafiki huko.

Siku ya harusi yako nilikukatia mkia wa kondoo wenye mafuta, heshima ya mkwe, kwa mkono wangu. Ulikula mpaka vidole vikang'aa. Kumbe nalisha mwongo.

Unakumbuka nilipomleta mjukuu wangu Akiru kliniki yako hapa Kakuma? Nywele zimemtoka viraka vitatu, shuleni wanamwita mbuzi wa upele. Ukachukua ile bunduki ya dawa, isiyo na sindano, inayorusha dawa kwa nguvu mpaka ndani ya ngozi. "Mama, hii ni mara moja tu, imekwisha," ukacheka. Foleni ilikuwa ndefu. Kiraka cha kisogoni ukakipiga mara tatu mahali pamoja, dawa nyingine ikamtiririka shingoni. Nikasema, "Ekidor, mtoto si mbuzi wa chanjo." Ukanijibu, "Mama, wewe jua mambo ya maziwa."

Pale kisogoni ngozi ikabonyea, pakawa shimo. Nywele hazikuota.

Viraka viwili vilivyobaki nilivipeleka hospitali ya Lodwar. Sista alilaza sindano nyembamba, akatia tone moja, akasogea upana wa kidole, tone lingine. Akiru alilia, mimi nimemshika magoti. Tulirudi kila mwezi, na kufikia mwezi wa tatu nywele zilikuwa zimeota. Sista hakuitukana bunduki. Alisema kwa mkono mtulivu ni ya haraka, na mtoto haumii sana, lakini haitaki kurudiwa palepale. Hata shimo, alisema, huenda likajaa polepole.

Kisha akanisomea Kiingereza chako kwenye kadi ya kliniki ya Akiru: nyanya yake alipaka mafuta ya ng'ombe, akaharibu dawa.

"Soma tena," nikamwambia. Akasoma tena.

Sikupaka kitu. Lakini mama yake Akiru, mke wa mwanangu, alishaambiwa na wewe, na sasa hanipi mtoto. Mimi niliyemnyoa tangu kuzaliwa, leo napita mlangoni na Akiru anaitwa ndani.

Basi sikia. Mkeo yuko kwangu na ngozi yake ya kulalia. Nilimwita mwenyewe, akaja bila kuuliza mara mbili. Wazee wa kwenu wakituma watu kumchukua, nitawakaribisha chai na watarudi peke yao. Kula ugali wako mkavu, ujue nyumba bila mtu ni nini.

Ni mimi, mama wa mkeo, nakuagiza: panda lori la kwanza uje Kakuma, kata ule mstari wa uongo kwenye kadi, andika ulichofanya, kisha umsomee mama yake Akiru kwa sauti, kwa Kiturkana, mimi nikiwa nimesimama hapo.