Mifereji Sita kwa Mara Moja

Jumatatu, 1 Februari 1999

Chome. Wiki ya tano tangu chuo kinisimamishe masomo kwa ile hotuba ya mgomo. Hapa hakuna kompyuta. Programu naiandika kwa penseli. Barua ya Shamimu imefika. Mwenzangu wa mradi — na zaidi ya mradi, ingawa hilo sijathubutu kulitamka. Siku ya usajili wanafunzi elfu mbili wataigonga kwa pamoja seva yetu, kompyuta inayopokea maombi yote. Ameandaa programu mbili; tuchague moja. Yeye anataka ya lugha ya C: mhudumu mmoja asiyekaa bure, akingoja jibu la huyu, anamshughulikia yule. Mimi nang'ang'ania ya Java: kila mwombaji na mhudumu wake, wote kwa wakati mmoja. Foleni ni dhuluma iliyovaa suti! Nimejibu hivyo, kurasa nne, nikampa binamu yangu Ernest anayesafiri kesho kwenda huko. Sikuandika kwamba barua yake nimeinusa mara nyingi kuliko nilivyoisoma.

Alhamisi, 4 Februari

Nimehutubia kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Kwa nini mfereji mmoja ufunguliwe na mitano isubiri zamu? Vijana wameshangilia. Kesho tunafungua yote sita.

Ijumaa, 5 Februari

Aibu. Maji yaligawanyika, yakakosa nguvu, ardhi kavu ikayanywa njiani. Hakuna shamba lililolowa. Ndiva tupu. Maharage ya mama, mwisho kabisa wa mfereji, yamelala. Jirani yetu Yudith, jembe begani, akaniambia:

“Msomi, maji hayasikii hotuba.”

Nimefungua daftari. Kumbukumbu ya seva: megabaiti sitini na nne. Wahudumu elfu mbili, kila mmoja akidai kipande chake. Nimepiga hesabu mara tatu. Itazimika kabla watu hawajanywa chai. Shamimu alikuwa sahihi. Sijawahi kutamani kushinda kama ninavyotamani sasa kumwambia kwamba nimeshindwa.

Jumatatu, 8 Februari

Same, kibanda cha simu. Nimeshuka na lori la mbao, nikampata Shamimu kwenye simu ya idara chuoni. Hakuningoja nifungue kinywa. Barua yangu ilimfika. Ameitetea Java mbele ya walimu, hoja zangu moja moja, nao wamekubali. Usajili ni kesho.

“Nilitaka sauti yako iwepo mle chumbani, Zefania.”

Kadi ya simu ikaisha.

Nimenunua nyingine na kurudi mwisho wa mstari. Naandika nimesimama. Simu moja, watu tisa mbele yangu. Mama aliyeshika simu anacheka na shemeji yake wa Mwanga, hana haraka. Idara hufungwa saa tisa na nusu. Lazima nimwambie aiondoe Java, akakane mbele ya walimu kila alichokitetea kwa ajili yangu. Na lile jingine, lile lisiloandikika — kadi hii ni ndogo, haitoshi yote mawili.

Watu saba. Saa tisa na dakika kumi —