Kunyamaza Si Kufa

Ghorofa ya pili,
Nyuma ya karakana ya baiskeli.
Jumapili, katikati ya mwezi wa sita.

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Kabla ya neno lolote, niambie miguu inaendeleaje. Uvimbe umepungua, au bado unashuka kitandani kwa kushikilia ukuta? Na kifua je? Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo mashavuni, na wanaoniona wanasema ndoa imenikubali. Imenikubali kweli.

Laiti ungemwona mume wangu. Anapiga pasi shati lake na gauni langu pamoja, kisha anavitundika mlangoni mabega yamegusana, kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Akiniita jina natamani aniite tena. Ulisema mapenzi ya mwanzo ni moto wa makaratasi. Huu wetu naona una kuni chini yake.

Lakini nikikuandikia furaha tupu nitakuwa nakudanganya. Katika nyumba hii mpya kuna kitu kingine kinachoishi nasi, na si panya wala jini. Kilikuja na kazi yake.

Unajua yeye ni mtaalamu wa hesabu za pensheni. Anakadiria wastaafu wataishi hadi lini, ili mfuko wao usikauke kabla yao. Akimaliza anatia sahihi kwamba mfuko ni mzima, na watu wanalala usingizi kwa kuiamini sahihi ile. Ni kazi ya heshima, ina maadili yake na chama chake, kama udaktari.

Hatukukaa sana baada ya harusi akaanza kubadilika. Tukitembea jioni, kila mzee tunayempita lazima asimame. Haishii kwenye shikamoo. Atauliza macho, chakula, usingizi, mpaka mzee mwenyewe anatafuta pa kutokea. Nikamtania, "Kwani unagombea udiwani?" Akajibu taratibu, "Nataka tu kusikia sauti zao." Nywele zilinisimama, Bibi, na barabara ilikuwa imejaa watu na jua.

Siku nyingine tukiwa mezani akaniuliza, "Mtu asipoonekana miaka kadhaa, amekufa?" Nikasema ingekuwa hivyo, mjomba angekuwa na makaburi yake manne. Hakucheka. Alisema wapo wanaohesabu hivyo: mstaafu asiyefika kuhakikiwa kwamba yu hai anaandikwa marehemu, na marehemu wakiwa wengi, mfuko unaonekana umenona. Akaishia hapo. Mambo ya mteja hayasemwi nyumbani.

Kisha wewe ukapiga simu ile Jumamosi, nami nikaweka sauti ya juu. "Mpe mume wangu simu," ukasema, "wewe mke mdogo nenda kaoshe vyombo." Alicheka mpaka akashika meza. Ukamsimulia kiwanda cha nguo, jinsi mashine za kufumia zilivyokuziba masikio, na kwamba siku hizi huendi kuhakikiwa kwa sababu ngazi za ofisi ile zimekushinda, na pensheni nayo ikakatika kimyakimya. Nilikuwa namtazama. Kicheko kilimtoka usoni kama maji yanavyozama mchangani. Aliendelea kukujibu kwa adabu, ndiyo Bibi, pole Bibi. Alikuwa kama anazungumza na mtu aliyekwisha kumzika.

Hakunitajia kiwanda wala jina. Hakuwa na haja; nilikisia mwenyewe kwamba umo miongoni mwa marehemu wale.

Nilimsihi anyamaze, amalize hesabu, awafufue wote kwa kalamu yake. Akatikisa kichwa. Mwenye ndugu ndani ya mfuko hautilii sahihi huku amelificha hilo. Hata akisema kweli, kweli yake itanuka. Na akilitamka, kazi atapewa mwingine, ambaye huenda akawaacha marehemu walivyo. Hapo nikaelewa kinachomla: uaminifu wake mwenyewe ndio ungemfunga mikono.

Alilitamka. Bosi wake, mzee mcheshi wanayemwita Desimali, akamwambia, "Kijana, hesabu haina bibi." Mume wangu akajibu, "Hii inao wengi, mzee." Siku ileile wakamwondoa, na kazi ikapelekwa ofisi nyingine.

Tukabaki na desturi moja tu. Katika taaluma yao, anayepokea kazi humuuliza aliyeiacha kama ipo sababu ya kuikataa. Asipouliza, inabaki kushtaki chamani, na huko mambo hutambaa. Basi tukasubiri. Simu ililala mezani kati ya sahani zetu kama mgeni asiyekula. Tulizungumza kwa sauti ya chini, kama nyumba yenye mgonjwa. Nikifua na kusikia hatua ngazini, moyo uliniambia ni wao, wale walionyamaza, wamekuja kuuliza nani aliwaandika marehemu.

Jana simu ikalia. Alikuwa mwanamke, ndiye aliyepokea kazi ile. Mume wangu aliipokea amesimama jikoni, mkono mmoja una povu la sabuni. Nilisikia upande wake tu. "Ndiyo, dada. Sababu ipo." Akaeleza kwa kirefu, bila kumtukana mtu. Mwishoni akasema, "Usiniamini mimi, nina ndugu humo. Tuma watu wakagonge milango."

Alipoikata nilimkumbatia, nikidhani yameisha. Akasema begani kwangu, "Masikini, sasa naye hatalala."

Bibi, uhakiki wa wastaafu umekwisha kutangazwa redioni kwa kila mtu, kwa hiyo kukuhimiza si kutoa siri. Mengine niliyoandika ni makisio yangu, usiyatembeze. Nenda. Binamu akubebe mgongoni ngazi zikikushinda. Ila usiende peke yako. Mume wangu amenisisitizia hilo kuliko yote: ukienda wewe tu, tutakuwa tumemfukua wetu na kuwaacha wengine chini. Wapitie wenzako wa kwenye mashine, hata wale uliosikia wamehamia kwa watoto wao. Mkifika ofisini, msiketi kwa adabu. Semeni kwa sauti, kila mmoja jina lake.

Nisalimie mama mdogo, binamu, na mjomba akionekana. Mume wangu anakuamkia na anaomba radhi kwa kosa ambalo si lake.

Mungu akupe umri wa kuwachosha wote wanaouhesabu.

Ni mimi mjukuu wako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kuandika.