Redio Mbili, Ukuta Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Tena wameniambia napiga kelele! Kutwa kompyuta yangu imekuwa ikituma ujumbe kupitia redio, na kituo cha klabu yetu ya redio hakikujibu hata mara moja. Mwenyekiti wetu ni daktari wa meno, mtu aliyezoea watu wasioweza kumjibu. Alishika maiki akasema hewani kwamba kuna mtu anakoroma kwenye masafa, aamshwe. Wakacheka. Kaka yangu alicheka kuliko wote. Nilimsikia mara mbili: redioni, na kupitia ukuta.

Jumamosi ni jaribio. Atakayetangulia kufikisha ujumbe wake wote kituoni ndiye mtunzaji mpya wa kituo, na mtunzaji hukabidhiwa ufunguo wa chumba cha mitambo, ghorofa ya juu kabisa. Meza. Dirisha. Mlango unaofungwa kwa ndani. Kaka anakitaka kwa sifa. Mimi nalala stoo, na redio ya marehemu Baba na mabegi ya Mama ya nguo kuukuu. Shahada ya fizikia, na mlango usio na kitasa!

Jumanne, 5 Machi

Nimeipata! Mipangilio ya muda alinipa Kaka kwenye flashi. "Weka hivyohivyo, mdogo wangu, usijifanye mhandisi." Nikaweka, mjinga mimi. Redio yake ni mpya, ikiamriwa kurusha inarusha papo hapo. Ya Baba ni ya zamani: inabofya kwanza, inavuta pumzi, ndipo inarusha. Kompyuta haikulijua hilo. Ilikuwa inaanza kusema kabla redio haijafungua kinywa. Kila ujumbe uliondoka bila kichwa — na jina la anayetumiwa limo kichwani! Nani ajibu?

Nimeongeza kungoja hadi milisekunde mia nne. Kituo kikajibu hapohapo. Nikapiga makofi peke yangu. Mama akauliza kutoka jikoni kama nimeua mende. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 7 Machi

Furaha yangu haikumaliza hata siku mbili. Kaka akiwa hewani, mimi sipiti. Jana nilidhani ni bahati mbaya. Leo nimekaa nikasikiliza tu, na sasa najua.

Masafa ni hayohayo, sisi wengi. Kwa hiyo masafa yakinyamaza, kila kompyuta hubahatisha namba, kama kutupa dadu, kabla ya kusema. Ikikosa, inangoja kidogo, inatupa tena. Ndiyo adabu yote ya mchezo huu. Ya Kaka haitupi dadu. Ameipanga ishinde kila mara. Mwingine akimeza mate tu, yeye keshaanza.

Nimemwendea. Wala hakukataa. Akasema hewani ni kama kwenye sinia la watu wengi, anayesema "tafadhali" atalamba sinia. Nikamwambia klabu ina kanuni.

"Basi nenda kanishtaki, mheshimiwa hakimu."

Nimekwenda. Daktari hakuvua hata glavu. Kasema nisilete ya nyumbani klabuni. Halafu akaniuliza — polepole, kama anayemuuliza mtoto — je, kaka yako anajua kwamba umekuja hapa?

Na Mama, huku akichambua mchele: "Mwachie kaka yako, mwanangu. Wewe utaolewa, utapata chumba."

Cha nani, Mama? Sikuuliza. Nimeosha vyombo, nimevunja kikombe kimoja. Si kwa makusudi. Nadhani.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeondoa dadu yangu. Sasa nami nashinda kila mara. Nimeitafuta aibu, sijaiona.

Jumamosi, 9 Machi

Jaribio linaendelea, na mimi naandika, maana hakuna kingine cha kufanya.

Masafa yakinyamaza, Kaka anaruka. Mimi naruka. Kwa pamoja, kama mapacha! Sauti zetu zinagongana, kituo hakiambulii kitu. Tunapongoja kurudia, wengine wanapenya katikati, mmoja mmoja, kwa adabu zao. Wakimaliza, tunaruka tena. Ujumbe wangu hata mmoja haujafika. Wake pia.

Kaka kagonga ukuta. "Ni wewe?"

Nimeendelea kuandika.

"We! Nakuuliza, ni wewe?"

"Ni sisi."

Kwanza matusi, kwa sauti ya chini ili Mama asisikie. Kisha sauti ya asali, ile anayoombea gari la shemeji. Dada yangu, tunajiharibia. Yule mfamasia wa klabuni kabakiza ujumbe mchache, chumba kitakwenda kwake. Rudisha dadu, nami narudisha. Kwa pamoja. Nikifika tatu.

Nikasema haya.

Kweli nilitaka. Vidole vilikuwa juu ya vitufe. Akahesabu moja, mbili — nikamwona akilini akishuka ngazi na ufunguo ule mkononi, akicheka. Tatu. Sikugusa kitu.

Masafa yakanyamaza. Redio ya Baba ikabofya, taa nyekundu ikawaka, na upande wa pili wa ukuta nikasikia feni ya redio yake ikivuma palepale. Wala yeye hakugusa!

"Hukurudisha!" kasema.

"Wewe je?"

Mfamasia kapenyeza ujumbe mwingine. Daktari anauliza hewani kuna nini na wale wawili.

Kaka karudi ukutani. Safari hii kwa kweli, anasema, haki ya Mungu.

Anahesabu. Moja. Mikono yangu iko mapajani, kwenye daftari hili, si kwenye vitufe. Mbili —